Mbuzi wa Mjomba Ruphin Ukurasani

Niseme hili mapema ili tusije tukagombana mbele ya safari: programu ile haikuwa na kosa lolote. Watu wa mji huu wana tabia ya kuilaumu mashine kila binadamu anapoharibu mambo, na mimi tabia hiyo inanichosha. Programu ile naipenda. Unaishika picha kwa kipanya, unaivuta, unaiachia pale unapotaka, na ukurasa wa tovuti unajijenga mbele ya macho yako bila wewe kuandika hata mstari mmoja wa msimbo wa kompyuta. Siku ya kwanza niliyoitumia nilishinda nikihamisha shada la maua kutoka kushoto kwenda kulia na kulirudisha, huku nikicheka peke yangu, mpaka mteja aliyekuja kupiga fotokopi akaondoka taratibu na kitambulisho chake mkononi.

Jina langu ni Ngosa, mzaliwa wa Sakania, na nina kibanda cha fotokopi na kadi za harusi hapa Lubumbashi, katika komini iitwayo Kenya, ambayo ni mtaa wa mji na si nchi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kadi hazikuwa na mnunuzi. Goma ilikuwa imeangukia mikononi mwa waasi mwezi wa Januari, Bukavu ikafuata, na jamaa za watu wa Kivu zikatawanyika huku na huko. Kadi utampelekea nani, na wapi? Hata hapa kwetu, mbali na bunduki, uvumi ulikuwa unafika mapema kuliko mkate. Kila asubuhi mtu alikuwa na binamu aliyesikia kwamba sasa wanaelekea Kalemie, na baada ya Kalemie ni sisi. Watu walinunua unga kwa magunia na kuahirisha kila kitu chenye furaha. Nikasema basi, kama kadi haziwafikii, nitawatengenezea tovuti za harusi.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Jemima. Mama yake, Mama Adolphine, ni Mnande wa Butembo mwenye depo ya maharagwe ya jumla, ingawa siku hizo depo ilikuwa na mwangwi kuliko maharagwe, kwa kuwa malori ya mashariki hayakuwa yakifika. Jemima alikuwa aolewe na Raoul, mwalimu wa hesabu, mtoto wa Papa Émile, Mluba wa Kasai ambaye baba yake aliletwa huku na kazi ya reli. Vijana wazuri, wanapendana mpaka inaudhi. Lakini Jemima alipoingia kibandani kwangu macho yake yalikuwa yamevimba.

"Yaya Ngosa, mama anakatala," akaniambia, kwa maana huku kwetu yaya ni dada mkubwa. "Anasema harusi haiko kama mujomba Ruphin hakukamata mbuzi yake. Na mujomba, depuis Goma ilianguka, hakuna mutu anamusikia."

Kwa Wanande mahari ni mbuzi, na kila mbuzi ana mwenyewe. Kuna wa baba, kuna wa shangazi, kuna wa bibi, na kuna mbuzi wa mjomba, yule ndugu wa mama. Huyo wa mjomba asipopokelewa, binti hajatoka nyumbani hata kama amevaa shela na kukanyaga altare. Mjomba Ruphin alikuwa na duka Goma, na tangu siku mji ulipoanguka simu yake ilikuwa haipatikani. Padri naye alikuwa amesema ni Jumamosi hii ama baada ya Pasaka, kwa sababu Kwaresima ilikuwa inabisha hodi.

"Kama mujomba alikufwa, tulie," Jemima akasema. "Kama iko muzima, tucheze. Lakini kukaa tu hivi, bila kulia bila kucheza, yaya, mi sitaweza." Akaanza kulia pale pale juu ya mashine yangu ya fotokopi. Machozi ya mteja yananitia hasira, kwa sababu na mimi hunifanya nilie, na nikilia siwezi kufanya kazi.

Wazo lilitoka kwake. Tuwapige picha mbuzi wote wa mahari, tuwapange kwenye ukurasa, na jamaa popote walipo, Butembo, Kampala, Bujumbura, kila mmoja amwone mbuzi wake na atume ujumbe kwamba amempokea. Huenda mjomba, kama yu hai, ukurasa ungemfikia. Mama Adolphine alikuja mwenyewe kunipa sharti lake. Ni mwanamke mrefu, mkimya, ambaye tangu Januari alikuwa hajatoa chozi wala hajacheka, na ukimya wake ulikuwa unatutisha sote.

"Mbuzi ya Ruphin utaiweka pale yulu, peke yake," akasema, akinionyesha juu kabisa ya kioo cha kompyuta. "Mutu asiiguse. Ruphin akiya, akiikamata ye mwenyewe, njo harusi iko. Asipokuya, haiko."

Nilikwenda mtaa wa Bel-Air, kwenye ua wa Papa Émile, kuwapiga picha. Walikuwa mbuzi wa kawaida, wenye mbavu za kuhesabika, mbuzi wa wakati wa shida. Papa Émile, aliyevaa koti kwa ajili ya shughuli hiyo, aliwaomba wasimame vizuri, nao wakamgeuzia migongo. Niliporudi kazini ndipo raha ikaanza. Programu ina kitufe cha kufuta kila kilicho nyuma ya picha. Nilipokibonyeza kikafuta ukuta, kikafuta mti, na kwa mbuzi mmoja kikafuta pembe. Kiolezo nilichochagua kilikuwa kimetengenezwa kwa ajili ya mgahawa, hivyo chini ya kila mbuzi palitokea maandishi "Agiza sasa". Jemima alipoyaona alicheka mpaka akashika meza. Nilikuwa sijamwona akicheka tangu mwaka uanze, na nusura niyaache.

Mwishowe ukurasa ulikaa vizuri. Juu kabisa niliandika Jemima na Raoul kwa herufi za dhahabu zenye mikia. Chini yake alisimama mbuzi wa mjomba, peke yake. Katikati niliwapanga mbuzi wengine, na chini nikaweka picha za jamaa, kila mtu na jina lake. Kwa Mjomba Ruphin palikuwa na jina tu. Mama Adolphine alikataa picha yake iwekwe, akisema picha ya mtu asiyekuwepo huwekwa kwenye matanga.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Ukurasa una viungo viwili vya kuufungulia. Kimoja ni cha mgeni: anakaa sebuleni, anatazama, anaondoka. Kingine kinakuingiza jikoni na kukupa sufuria mkononi, ubadilishe utakacho. Hicho cha pili nilimpa Jemima ili anisaidie kurekebisha majina ya shangazi zake. Na hicho cha pili ndicho Jemima alichokituma kwa ukoo mzima, kwa wafanyabiashara wote wa Butembo, kwa wanakwaya na kwa kila kundi la simu ambalo Mnande amewahi kuingizwa.

Asubuhi nilipofungua, nilikuta mishale ya rangi ikitembea kwenye ukurasa wangu, kila mshale na jina la mtu. Tantine Edith, shangazi wa Kampala, alikuwa amemshika mbuzi na anamvuta. Kweli anamvuta, ukurasa mzima, mpaka chini ya picha yake, akamwachia hapo. Nikadhani ni bahati mbaya, nikamrudisha mbuzi mahali pake. Akaja akamchukua tena. Nikamrudisha. Safari hii hakuniachia: mimi navutia kushoto, Kampala inavutia kulia, na mbuzi anatetemeka katikati kama mwenye homa. Nilishindwa. Yule mama ana mkono.

Na ukifikiri, alikuwa na haki. Ameambiwa njoo, mbuzi wako huyu hapa. Mtu akiitwa kuchukua mbuzi wake, hatumi ujumbe wa kusema amemwona. Anamshika kamba anaondoka naye. Basi ukoo wote ukaja kuchukua. Baba mdogo Paulin wa Bujumbura alihamisha kwanza picha yake, akaipandisha juu ya zile za wadogo zake, ndipo akaenda kuchagua mbuzi. Mtu mmoja alimfunga mbuzi wake juu ya uso wa Raoul, na bwana harusi akashinda siku nzima akiwa na mkia kwenye paji la uso.

Kisha Tantine Delphine, ambaye wakati huo alikuwa Kolwezi na hana kazi nyingine ya kufanya, akagundua kwamba ukiivuta picha kwa pembe, mbuzi ananenepa. Habari ile ilisambaa haraka kuliko za vita. Kufika saa sita mchana mbuzi wote walikuwa wamenenepa, wengine wamepanuka ubavuni tu, miguu ikabaki mifupi, tumbo linagusa majina ya watu. Mmoja alikuwa mkubwa hata nikitaka kumwona kichwa ilibidi nisogeze ukurasa. Halafu mtu fulani, sitasema ni Paulin ingawa ni Paulin, akagundua jinsi ya kunakili. Mbuzi wakaanza kuzaa bila mimba. Nilikaa kwenye kiti changu nikiwatukana kwa Kibemba, na huku nacheka machozi yananitoka, kwa sababu katika kazi yangu yote sijawahi kuona watu wakiifurahia programu kiasi kile.

Ni mbuzi mmoja tu ambaye hakuna aliyemgusa. Yule wa juu. Mishale ilipita pembeni yake, ikamzunguka kwa adabu, ikaenda zake. Alibaki vile vile nilivyompiga picha, mbavu zake zinaonekana, peke yake chini ya majina ya dhahabu. Kila nilipomtazama kicheko kilinikauka.

Nikampigia Jemima. "Nafunga hii kiungo leo hii," nikamwambia. "Bajamaa zako banafanya soko mu kazi yangu."

"Usifunge, yaya. Nakuomba, usifunge," akanijibu kwa sauti ndogo. "Ukifunga, mujomba atapita wapi?"

Nikakata simu nikinung'unika. Sikufunga.

Ijumaa asubuhi Papa Émile aliingia kibandani na koti lile lile, simu mkononi, na Raoul nyuma yake amejikunyata. Kuna mtu alikuwa amemwonyesha ukurasa. Nyuma yao alikuja Jemima na mama yake, kwa kuwa Raoul alikuwa amewaita waje kuzima moto. Kibanda changu hakitoshi watu wanne na hasira, lakini waliingia hivyo hivyo, na jenereta ikawa inanguruma nje kwa sababu umeme ulikuwa umekatika.

"Mama Ngosa," Papa Émile akaanza, kwa upole unaotangulia ugomvi, "mi nilileta mbuzi. Huku minaona ba ngombe."

"Papa, banavuta tu picha," nikasema. "Mbuzi yenyewe iko mu ua ya parcelle yako, haikunenepa."

"Na hii ingine? Yote hii mingi? Kesho bantu ba Butembo batasema nilipatana nabo hii yote, na nilileta nusu. Bataniita mwizi mbele ya padri." Akamgeukia Mama Adolphine. "Mama, njo namna munafanya kwenu?"

"Bantu bangu banakimbia vita," Mama Adolphine akajibu polepole. "Banalala mu mashule, banalala mu kanisa. Kama banacheza na picha ya mbuzi, wacha bacheze."

"Bacheze na jina la mutu mwingine, hapana na yangu." Nadhani hakuwa na hasira na mbuzi; alikuwa amechoka kungoja, kama sisi sote. "Bon. Tufunge yote. Tungojee nyuma ya Pasaka, kama batakuwa na akili."

"Papa," Raoul akasema.

"Tungojee," Mama Adolphine akasema. "Hata mi nilisema tungojee. Ruphin hakukuya."

Jemima alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Wakubwa walikuwa wamekubaliana kwa mara ya kwanza wiki ile, na walikuwa wamekubaliana kumvunjia harusi. Nilinyoosha mkono kwenye kipanya ili niufunge ukurasa, nikiwa na uchungu rohoni kama vile harusi ilikuwa yangu.

Ndipo mshale mwingine ukaingia. Ulikuwa wa kijivu, na badala ya jina la mtu programu iliandika "Mgeni" tu. Ulitembea kama mlevi: unaruka, unasimama, unaruka tena, jinsi unavyotembea mtandao unapokuwa mbaya. Ulimpitia mbuzi wa Edith. Ulimpitia wa Paulin na nakala zake zote. Ulimzunguka yule mkubwa asiyeonekana kichwa, ukakaa juu ya tumbo lake kwa muda. Kisha ukapanda juu, ukafika kwa yule aliyekonda, ukasimama.

"Nani ule?" Papa Émile akauliza.

Mstari wa buluu ukawaka kumzunguka mbuzi wa mjomba. Maana yake ameshikwa. Akasogea kidogo, akakwama, akasogea tena. Mama Adolphine aliweka mkono begani kwangu, na vidole vyake vilikuwa vizito. Na hapo, nilikuwa tayari kupiga kigelegele, yule mgeni akamrudisha mbuzi mahali pake na kumwacha.

Mshale ukaenda kwenye majina ya dhahabu. Herufi zikaanza kutokea, moja moja, baada ya jina la Raoul, kwa mwandiko ule ule wenye mikia niliouchagua kwa mapenzi. Ikasomeka hivi: "Jemima na Raoul Masika hii mbuzi yangu iko mifupa tu bengine bote bako na ngombe".

Masika ni jina la binti wa kwanza kwa Wanande. Mama Adolphine ndiye binti wa kwanza kwao.

Papa Émile alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Mama, tusifurahi mbio," akasema, na safari hii upole wake ulikuwa wa kweli. "Wakati ya vita bantu banaiba telefone. Inaweza kuwa mwizi."

"Mwizi angekamata mbuzi na kwenda," Mama Adolphine akasema. "Huyu anagombana. Ni Ruphin."

Papa Émile alikiangalia kioo, akamwangalia Mama Adolphine, akaniambia nihame. Nikahama. Mzee akaketi na koti lake, akakishika kipanya kwa mikono miwili, na kwa kuwa alikuwa amekesha usiku akiwatazama Wanande wakifanya, alijua pa kushika. Akamvuta mbuzi wa mjomba kwa pembe. Mbavu zikapotea. Akavuta tena. Mbuzi akanenepa mpaka akawapita wote, akagonga majina ya bwana na bibi harusi, akatoka nje ya ukurasa kwa upande mmoja, na mzee bado anavuta, ulimi wake uko nje kwa bidii.

"Papa, inatosha," Raoul akasema, anacheka na kulia.

"Mutoto, nyamaza. Hii ni ya mujomba."

Mshale wa kijivu ulingoja. Mzee alipomaliza, ukalishika lile jimbuzi na kuanza kuteremka nalo. Liliteremka kwa kurukaruka, likifunika mbuzi wa Kampala, likifunika wa Bujumbura, likikwama kila mtandao ulipokwama, nasi sote watano tunainamisha vichwa pamoja nalo kana kwamba tunasukuma. Likafika pale palipokuwa na jina bila picha. Likaachiwa.

Jemima alikaa chini sakafuni. Hakuanguka, alikaa tu, kama mtu aliyefika nyumbani, akaweka uso kwenye magoti ya Raoul. Mimi nilipiga kigelegele, na jirani anayeuza mafuta ya mawese akaitikia bila kujua ni cha nini.

Maandishi yakaendelea kule juu: "Nimekamata. Niko Burundi mu kambi. Simu yangu ilibaki mu maji wakati tulivuka muto. Hii ni ya mama moja ya Butembo hapa, anaitaka. Jemima aolewe."

"Muandikie kitu," Mama Adolphine akaniambia.

"Niandike nini, mama?"

"Kitu yoyote. Asinyamaze. Muulize alikula nini."

Nikarudi kwenye kiti, nikaweka vidole tayari, na programu, ambayo nimesema haina kosa na bado nasema, ikakataa. Kichwa cha habari kilikuwa kimejaa. Haikuwa imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaozungumza na ndugu yao ndani ya majina ya harusi. Nilijaribu kupunguza herufi. Nilijaribu kusogeza hiki na kile, na kule Burundi mama wa watu anangoja simu yake.

"Yaya," Jemima akasema kutoka sakafuni, "futa majina yetu. Andika."

Nikayafuta, Jemima na Raoul, dhahabu na mikia yake yote, nikaandika pale pale: "Ruphin, umekula nini?"

Akajibu kwamba maharagwe, na kwamba hayakuwa na chumvi. Mama Adolphine aliyasoma maneno hayo kwa sauti, mara mbili, kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu Januari.